Swali la lugha: Umetengeneza maikrofoni, au umeiunda?

Msomaji wetu wa Mombasa hurekodi kasida nyumbani. Aliagiza seti ya maikrofoni ya valvu, yaani vipande vya kujiundia maikrofoni inayokuza mawimbi ya sauti kwa kichupa cha kioo kinachofanana na balbu, akalehemu vipande vyake mwenyewe, kisha akawatumia wenzake ujumbe: "Nimetengeneza kipaza sauti cha tyubu." Mmoja akamuuliza kiliharibika nini. Mwingine akadhani amenunua spika. Anauliza: kosa ni langu au lao?

Sarufi haina kosa. Tatizo ni kwamba maneno matatu ndani ya sentensi fupi kama hiyo yana maana mbili mbili.

Tuanze na kutengeneza. Ukimpelekea fundi redio aitengeneze, hutarajii akuundie mpya. Kitenzi hiki kinabeba kufanya na kukarabati pia, na kwa kifaa cha umeme msikilizaji hukimbilia ukarabati. Kuunganisha nako hakusaidii sana. Tunasema kiwanda cha kuunganisha magari na hakuna anayebabaika, lakini "nimeunganisha maikrofoni" maana yake nimeichomeka kwenye mixa, tuanze kazi.

Ningechagua kuunda. Wapo wanaodai kuunda ni kwa aliyevumbua, si kwa aliyefuata mchoro wa mtu mwingine. Sikubaliani nao. Kuvumbua kuna kitenzi chake, na kubuni pia. Pwani, anayeunda jahazi hasemwi kuwa ndiye aliyebuni jahazi. Anapanga mbao na kupigilia misumari mpaka chombo kikasimama. Msomaji wetu amefanya hivyohivyo kwa rezista, kapasita, transfoma na kapsuli, kile kipande kinachopokea sauti.

Kipaza sauti ni neno zuri, ila limetanda mno: ni maikrofoni, ni spika, na pengine ni mtambo mzima wa msikitini. Kinasa sauti nacho wengi wanakijua kama mashine ya kurekodia. Kwenye habari za mkutano wa hadhara, kipaza sauti kinatosha. Kwenye maelezo ya ufundi andika maikrofoni, na upatanisho wake ni maikrofoni hii, maikrofoni hizi. Wanaosema "maikrofoni haya" wamedanganywa na ile ma- ya mwanzo.

Tyubu iachie baiskeli. Wamarekani ndio waliokiita kifaa hiki hivyo. Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekivumbua mwaka 1904, alikiita valvu kwa kuwa kilipitisha umeme upande mmoja tu. Mafundi wa redio za zamani kwetu walilichukua hilo la Kiingereza cha Uingereza, nasi tuendelee nalo. Na seti ibaki seti, maana ukilitohoa neno "kit" la Kiingereza utajikuta umekalia kiti.

Msomaji ameambatisha pia maelekezo aliyowaandikia wenzake, na hapo ndipo nilipotia kalamu nyekundu. Ameandika: "Zima umeme kabla ya kugusa ndani." Zima peke yake haitoshi. Maikrofoni ya valvu ina pawasaplai yake, yaani kisanduku cha kuipa umeme, ambayo mara nyingi hutoa zaidi ya volti 100, na kapasita hubaki na chaji hata swichi ikishazimwa. Andika: "Zima, chomoa plagi ukutani, subiri kapasita ziishiwe chaji, pima kwa mita, ndipo uguse."

Mahali pengine ameandika: "Usiguse rezista ya gridi." Mtu ataiweka vipi bila kuigusa? Rezista hiyo, iliyofungwa kwenye gridi (waya wa ndani ya valvu unaodhibiti mkondo wa umeme), huweza kufika gigaomu 1, yaani omu bilioni moja, hivyo jasho la kidole au mabaki ya fluksi, ile dawa ya kulehemu, yakiachwa juu yake huvujisha umeme, na maikrofoni ikaanza kukwaruza. Kinachotakiwa ni: "Ishike kwa koleo, kwenye miguu yake, kisha safisha kwa spiriti."

Na ile "mawaya mekundu" iwe nyaya nyekundu: waya huu, nyaya hizi.

Ujumbe wenyewe ungesomeka: "Nimeunda mwenyewe maikrofoni ya valvu kutoka kwenye seti." Hapo anayeuliza kiliharibika nini atakuwa na lake.