Mji Mmoja, Majina Matatu

SWALI: Mhariri, salaam. Mwezi ujao nitasafiri kwenda Ubelgiji kumtembelea binti yangu anayesoma Liège, lakini siku nitakayofika atakuwa kwenye mtihani, hivyo hatanipokea uwanjani. Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu, na nimeambiwa nchi hiyo ina lugha tatu rasmi. Nitafikaje bila kupotea?
Mama msafiri, Mwanza

JIBU: Mama yetu, kitakachokusumbua si kuongea bali ni kusoma vibao. Kiholanzi hutumika Flandria, upande wa kaskazini. Kifaransa hutumika Wallonia, upande wa kusini. Kijerumani kina eneo dogo mashariki, kwenye mji wa Eupen. Nayo Brussels hutumia Kiholanzi na Kifaransa kwa pamoja. Kila upande huandika majina ya miji kwa lugha yake, hata miji isiyo yake. Uwanja wa ndege wa Brussels uko Zaventem, ndani ya Flandria, kwa hiyo usishangae kuuona mji wa binti yako ukiitwa Luik. Wajerumani nao huuita Lüttich. Asiyejua hayo anaweza kuiacha treni yake iondoke huku macho yakiitafuta Liège. Yaandike majina yote matatu kwenye karatasi moja, uiweke ndani ya pasipoti.

Ukilazimika kubadili treni mjini Brussels, fahamu kwamba Midi na Zuid ni stesheni ile ile, maana yote mawili ni "kusini". Leuven na Louvain nao ni mji mmoja, ila Louvain-la-Neuve ni mji mwingine kabisa, uliojengwa baada ya ugomvi wa lugha kukigawa chuo kikuu cha Leuven mwaka 1968. Ukikata tiketi ya huko kwa makosa, umepotea kweli. Ndani ya treni, matangazo hufuata lugha ya eneo mnalopita, hivyo yakigeuka ghafla kuwa ya Kifaransa, jua umeingia Wallonia na safari inakaribia kwisha.

Fedha ni yuro, namba ya dharura ni 112, na plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi zao, kwa hiyo beba adapta ya miguu miwili ya duara.

Kuhusu salamu, ukiwa Flandria Kiingereza chako kidogo hupokewa vizuri kuliko Kifaransa cha kubahatisha, ilhali Liège ni heri uanze na "bonjour" kabla ya kuuliza lolote. Kushukuru ni rahisi zaidi: "merci" husikika hata vinywani mwa Waflandi.