Kampuni "imeuza hisa" au "imeorodhesha hisa"?

Swali: Naandika habari za uchumi. Kampuni inapoingia soko la hisa, mhariri wangu hutaka "imeuza hisa kwa umma", mwenzangu hushikilia "imeorodhesha hisa". Je, ni mamoja?

Jibu: Si mamoja, ingawa aghalabu huenda pamoja. Kuuza kwa umma ni kutoa hisa watu wazilipie. Kuorodhesha ni kuziingiza hisa katika soko ili watu wauziane. Kila tendo laweza kusimama bila lenzake, na hapo ndipo waandishi wengi hupotosha habari.

Chukua Spotify, kampuni ya kusikilizia muziki mtandaoni. Tarehe 3 Aprili 2018 iliingia Soko la Hisa la New York kwa kuorodhesha moja kwa moja. Haikutoa hisa mpya; waliouza siku hiyo ni wenye hisa wa zamani, na fedha zikaenda kwao. Soko lilitangaza bei ya rejea, yaani ya kuongozea tu, dola 132, lakini biashara ilifunguliwa kwa dola 165.90. Anayeandika "Spotify iliuza hisa kwa dola 132" anakosea mara mbili: kampuni haikuwa muuzaji, na bei ya rejea si bei ya mauzo. Hapo "imeorodhesha" ndilo neno, basi. Lakini usilifanye kanuni ya kudumu: tangu Desemba 2020, SEC, tume inayosimamia masoko hayo Marekani, iliruhusu kampuni kuuza hisa mpya kwa njia hiyohiyo. Soma kwanza waraka wa usajili ambao kampuni huuwasilisha SEC, uone nani anauza.

Kinyume chake ni ile kanuni ya SEC inayoitwa Kanuni A. Kwa daraja lake la pili, kampuni yaweza kuuzia umma hisa za hadi dola milioni 75 ndani ya miezi 12, pasipo kulazimika kuziorodhesha popote. Hapo mhariri wako yuko sahihi kabisa.

Iko pia njia ya SPAC, kampuni isiyo na biashara yoyote, inayouza hisa zake kwanza, ikaziweka fedha amana, kisha ikatafuta kampuni ya kuungana nayo. Hii ya pili iandikie "imeingia sokoni kwa kuungana na…", maana aliyeuzia umma ni yule wa kwanza, tena mapema.

Kuhusu "kampuni iliyoorodheshwa", ni kweli zinazoorodheshwa ni hisa, lakini usemi huo umezoeleka na haumpotoshi msomaji. Utumie. "Imejiorodhesha" ndiyo naikataa, kwa sababu kampuni huomba tu. Soko ndilo hukubali.