Jibu: Dereva mkorofi na watazamaji wanaozomea, mbio za pikipiki Tabora

Mkuu, umeuliza mfanyeje na dereva aliyemsukuma mwenzake nje kwenye kona, kisha akashuka kuwafuata watazamaji waliomzomea. Hayo ni makosa mawili, yaamuliwe mbalimbali.

La kona igeni spidiwei, mchezo wa mbio za pikipiki ambako madereva wanne hukimbia mizunguko minne bila breki. Mbio zikisimamishwa, mwamuzi humtoa aliyesababisha na zinarudiwa bila yeye. Taa yenye rangi ya kofia yake huwaka, kila mtu ajue nani katolewa. Nyinyi, badala ya taa, tumieni bendera nne za rangi za kofia: nyekundu, bluu, nyeupe, njano. Na mtangaze sababu kwa kipaza sauti papo hapo! Matusi mengi huanza pale uwanja mzima unapokaa gizani ukingoja uamuzi.

Kuzomea acheni watu wazomee, ni haki yao. Kurusha vitu ndiyo hatari, maana chupa ikitua mbele ya gurudumu inaua. Kamba moja ya kuzuia watazamaji haitoshi. Fungeni mbili, zipishane kama mita tano, katikati wakae mgambo wanaotazama watu, si mbio. Nje ya kona ndiko pikipiki hutupwa, kwa hiyo pale asisimame mtu, hata kama kivuli cha mwembe kiko hapohapo.

Dereva akielekea kwenye kamba kwa hasira, fundi wake ndiye amzuie kwanza. Mgambo akimkaba, mashabiki wake nao wanavuka. Dereva akishavuka kamba, pointi zake zote za siku zifutwe. Sharti hilo liandikwe kwenye fomu, kila dereva asaini kabla hajawasha pikipiki.