Kioo cha Mbele Husafishwa Kabla ya Mvua Kunyesha

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiendesha gari kati ya Nakuru na Kisumu, safari inayopanda kutoka Salgaa na Sachangwan hadi kwenye baridi ya Mau Summit, ikapita katika mashamba ya chai ya Kericho, kisha ikateremka hadi kwenye joto la Awasi na Ahero. Msimu wa masika, dereva hukutana na vumbi, mvua ya mawe, ukungu na jua kali katika safari moja ya saa chache, na kioo chake cha mbele hupitia mambo hayo yote pamoja naye.

Alasiri moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nikirudi Nakuru kutoka mazishini. Nilikuwa nimewabeba mama yangu, shangazi na watoto wawili, na sote tulikuwa tumenyeshewa kaburini, sweta na viatu vikiwa vimelowa. Tulipoipita Kericho mvua ikaongezeka, tukafunga madirisha yote, na kabla ya dakika tano kwisha kioo kilikuwa cheupe. Nilidhani tatizo ni waipa, nikaziongeza kasi, lakini hazikusaidia. Nikapangusa kioo kwa kiganja. Hapo trela lililokuwa likija mbele likaniwashia taa, na kioo kizima kikageuka mwanga mtupu nisioweza kuona chochote nyuma yake. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, simama kwanza." Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, sijui ni mita ngapi nilizopita bila kuona kabla ya kupata mahali pa kuegesha.

Kesho yake nilimweleza fundi wangu yaliyotokea, naye akanifahamisha kwamba maji yaliyonipofusha hayakuwa ya mvua bali yalikuwa yetu wenyewe. Pumzi za watu watano na nguo mbichi hujaza gari mvuke, na mvuke huo ukigusa kioo kilichopozwa na mvua hugeuka matone madogo mno. Ukiyapangusa kwa kiganja unaacha mafuta ya ngozi, nayo mafuta hayo ndiyo yanayoutawanya mwanga wa taa zinazokuja.

Dawa yake ni kiyoyozi, ambacho wengi wetu hukizima mvua inaponyesha kwa kuhofia baridi. Kiyoyozi hukausha hewa kabla ya kuileta ndani, na maji yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa ndiyo unyevu kilioutoa. Kiwashe, ongeza joto la hewa, kisha bonyeza kitufe chenye picha ya kioo na mishale iliyopinda ili hewa ielekezwe kwenye kioo cha mbele. Hakikisha pia kwamba kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani kimezimwa, kwa sababu kikiwaka gari linarudisha hewa ile ile yenye unyevu. Ikiwa gari halina kiyoyozi kinachofanya kazi, fungua madirisha mawili kidogo, hata kama bega litalowa. Chujio la hewa ya ndani nalo likaguliwe, maana vumbi la Nakuru huliziba na upepo ukakosa nguvu.

Ukifika upande wa Kisumu, mambo hugeuka. Hewa ya huko ni ya joto na yenye unyevu mwingi, kwa hiyo kiyoyozi kikipuliza baridi moja kwa moja kwenye kioo, ukungu hutanda nje. Ukungu huo huondolewa kwa waipa, kisha upepo wa baridi uelekezwe kifuani badala ya kiooni.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni namna tunavyoacha kioo kisafishwe. Mara nyingi kijana anayeosha gari hupaka dashibodi mafuta ya kung'arisha, kisha kitambaa hicho hicho hukipitisha kwenye kioo. Kwa nje, moshi wa dizeli wa malori tunayoyafuata mlimani huongeza utando wake. Mchana huuoni, utauona usiku mvua inaponyesha na kila taa ikaota miale. Mimi sasa hubeba kitambaa changu. Nje naosha kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo na kusuuza vizuri, na ndani napangusa kwa maji yaliyochanganywa na siki kidogo, halafu nakausha kwa gazeti.

Mpira wa waipa hukaushwa na jua kuliko unavyolika kwa kazi. Mpira huo ukiacha mistari au ukilia, ufute kwanza kwa kitambaa kibichi hadi weusi uishe; usipotulia, ununue mwingine wenye urefu unaofaa, kwa kuwa katika magari mengi wa upande wa dereva ni mrefu kuliko wa abiria. Wapo wanaopaka kioo kiazi kilichokatwa waipa zinapokufa njiani. Hilo litakusogeza hadi kituo cha mafuta kilicho karibu, lakini usianze nalo safari.

Mvua ikizidi uwezo wa waipa, punguza mwendo mapema na utumie taa za chini, kwa kuwa taa kali hugonga matone na kukurudia machoni. Kisha toka kabisa barabarani, mahali palipo tambarare, uwashe taa za dharura ukiwa umesimama.

Siku hizi, kabla ya kuondoka, makoti yaliyolowa huingia kwenye buti na chupa ya maji ya kuoshea kioo hujazwa. Mama hukaa mbele, na tukikaribia mawingu ya Londiani yeye ndiye hubonyeza kile kitufe cha mishale, kioo kikiwa bado kikavu.