Kabla hujaacha kazi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza uache ukarani ukae nyumbani uandike riwaya za upelelezi. Mama yako amecheka. Mimi nakwambia mtazame kwanza Muhammed Said Abdulla, aliyeziandika riwaya kama hizo.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo, 1938, aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya. Hakuna aliyeniambia, ila naamini Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, alianzia hapo. Mkaguzi wa afya huingia nyua za watu, huchungulia visima, huuliza yale ambayo mwenye nyumba angependa yasiulizwe. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari.

Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikachapishwa 1960. Alipopata tuzo umri wake ulikuwa unagonga arobaini. Unadhani basi aliacha kazi? Mwaka 1958 alishika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na hakuondoka mpaka alipostaafu 1968. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka huohuo. Vingine vikafuata, na kuanzia Duniani Kuna Watu, 1973, hadi Mwana wa Yungi Hulewa, 1976, kila mwaka alitoa kitabu.

Sasa hizo kurasa ulizonitumia. Bastola, magari yanafukuzana, mpelelezi kavaa koti refu kwenye joto hili! Kuiga si dhambi. Kiko cha Bwana Msa kinanukia Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na rafiki yake Najum anamfuata kama Watson anavyomfuata Holmes. Lakini maiti Abdulla aliilaza mzimuni, mahali ambapo majirani wako tayari kusema ni kazi ya mizimu na kurudi makwao. Bwana Msa hakubali. Anajua aliyeua ni mtu, tena mtu mwenye sababu, na anamtafuta kwa kuuliza na kupima majibu. Fumbo la namna hiyo halihitaji hata risasi moja, linahitaji mwandishi anayejua watu wake wanaogopa nini na wanafichana nini. Wewe ofisini kwako unapitiwa na mafaili ya mirathi kutwa nzima, halafu unaniandikia bastola.

Andika alfajiri, mshahara uendelee kuingia. Na nijibu hili: huyo mzee wa sura ya kwanza amekutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa nje. Ufunguo alikuwa nao nani?

Baba yako