Video za anatomia zinamaliza bando, kichwani hakibaki kitu

Mdogo wangu wa mwaka wa pili UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), unasema kila usiku unaangalia video kwa muda wa saa tatu, bando linakata, na ukiulizwa neva za mkono unakwama. Tatizo unaziangalia kama tamthilia. Zipakue kwa Wi-Fi ya chuo kwa ubora wa picha wa 360p. 720p inakula bando zaidi ya mara mbili, na mchoro unasomeka vilevile. Kila dakika 10 simamisha, funika simu, chora kwa kumbukumbu kuanzia mizizi ya neva C5 hadi T1 (inayotoka uti wa mgongo shingoni na juu ya kifua) mpaka neva tano za mwisho. Ulipokosea ndipo pa kurudia, si video nzima. Makosa hayo yatie kwenye Anki, programu ya kadi za maswali inayokurudishia kadi kwa marudio, kadi mpya 15 kwa siku. Ukiweka 100, wiki ya pili marudio yatakuzika.

Dozi usizibebe kwenye video za nje, fuata mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya. Mfano malaria kali: mtoto chini ya kilo 20 hupewa atesuneti, dawa ya sindano, miligramu 3 kwa kilo, si 2.4 ya mtu mzima. Na kupapasa ini? Hapo video haisaidii, nenda ukasimamiwe wodini.

Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, muone mshauri wa wanafunzi au daktari.