Miguu ya bata na barafu ya Bear River

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Uvira, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Salt Lake City. Jirani yangu, mzee mmoja Mmarekani, amenialika Jumamosi alfajiri twende kutazama ndege katika hifadhi ya Bear River. Mwezi wa kwanza huu, barafu kila mahali! Nimeona haya kumkatalia. Huko kuna ndege kweli? Na hao bata wanaosimama juu ya barafu miguu mitupu, mbona hawagandi?
Mama Neema, Utah

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Nenda. Mimi nilikwenda Januari moja, kipimajoto cha gari kikisoma nyuzi 12 chini ya sifuri, na hadi leo naisimulia safari ile.

Ziwa kubwa la chumvi la huko kwenu, Great Salt Lake, lenyewe ni nadra kuganda, chumvi inazuia. Lakini hifadhi iko pale Mto Bear unapoingilia ziwani, na maji ya mto ni baridi, hayana chumvi nyingi, kwa hiyo mabwawa yake yanashika barafu. Panapobaki wazi ni pale maji yanapokwenda kasi, kama kwenye milango ya mabwawa. Basi ndege wote wanabanana hapohapo, kama watu kwenye bomba moja la mtaa. Mwambie jirani asimame hapo.

Juu ya barafu utaona madoa meusi, utadhani magogo. Yatazame vizuri kwa darubini: ni tai wenye vichwa vyeupe, wanangoja samaki aliyekufa au bata aliyechoka. Umbo lao litakukumbusha furukombe wa Tanganyika. Sauti, hapana. Furukombe akilia ziwa zima linasikia. Huyu wa Marekani, pamoja na kuwekwa kwenye nembo ya taifa, analia kama kifaranga.

Sasa miguu. Mshipa unaoteremsha damu ya moto kutoka mwilini na mishipa inayopandisha damu ya baridi kutoka unyayoni imepita bega kwa bega ndani ya mguu wa bata. Damu inayoshuka inaigawia joto ile inayopanda. Ikifika chini imeshapoa, haina joto la kupoteza kwenye barafu. Na ile inayorudi kifuani imeshapashwa. Unyayo wenyewe unakaa juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda, na unamtosha, maana kule chini ni mifupa na kano, nyama haba. Baridi ikizidi, anakunja mguu mmoja ndani ya manyoya na kusimama kwa mwingine.

Mishipa yako haiwezi kazi hiyo kama ya bata, kwa hiyo vaa soksi za sufu, si za pamba, pamba ikinyonya jasho inakugandisha. Na viatu visikubane. Mimi nilijaza soksi tatu ndani ya buti moja, damu ikakosa njia, nikarudi nachechemea.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Njia ya kutazamia ni mzunguko wa maili 12, kama kilomita 19, na ndege wameshazoea magari. Hawajazoea watu. Nilipoona bata-maji weupe wenye shingo ndefu, wale wanaozaliana kaskazini kabisa kule Aktiki, nikashuka na kubamiza mlango. Pwaa! Bwawa zima likaruka. Mwenyeji wangu hakusema neno, alizima injini tu akanitazama. Baadaye ndipo alinieleza kuwa asubuhi ya baridi kila kuruka kunamla ndege mafuta aliyojiwekea, na chakula cha kuyarudisha kiko chini ya barafu.

Kwa hiyo kaa garini, shusha kioo, egemeza darubini juu yake, na pumua pembeni, vinginevyo lenzi itaingia ukungu. Simu ifiche ndani ya koti, baridi inamaliza chaji. Na chai beba ya watu wawili, njiani mle hakuna duka.